Dari ya Mkomani: wageni walilipa, jirani akaonekana, na kosa lilikuwa wapi

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Mtu na mkewe wa Nairobi, harusi yao mbichi kabisa, walibuku chumba cha juu kwenye hoteli moja ya butiki pale Mkomani, Lamu, chumba chenye dari yake yenyewe, yaani pale juu ya paa pa kukaa, shilingi 18,000 kwa usiku, na pesa yote walituma kwa M-Pesa hata kabla hawajapanda ndege pale Wilson. Siku ya pili, magharibi inaingia, meneja akapanda akawaambia washuke na wasipande tena mpaka kupambazuke. Wakauliza sababu, akawaambia ni heshima ya mtaa. Wakakataa kushuka. Asubuhi yake wao wanadai pesa zao zote, meneja anasema sheria za hoteli haziruhusu kurudisha pesa mgeni akishaingia, na jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima, anasema kama haisikilizwi kauli yake ataenda kwa chifu.

Mimi niliitwa manake dadake bibi harusi ni mtu wangu wa miaka mingi, na huyo mama jirani ni wa kwetu upande wa mama. Kwa hiyo nilisikia pande zote, na stafu wa hoteli wawili pia walinieleza yao. Jina la hoteli silitaji na halina maana, nyumba za Lamu zilizogeuzwa hoteli ni nyingi na kisa hiki kingeweza kutokea kwa yoyote kati ya hizo.

Nawaambia mapema msimamo wangu ndo msome mkijua. Watu mtaani walishindana kuhusu nguo za bibi harusi na muziki wa bwana harusi, yaani kila baraza ilikuwa hiyo hiyo, na nguo na muziki havikuwa ndiyo shida. Shida ilikuwa macho. Nyumba iliyojengwa mtu asione kwa mwenzake ilifunguliwa juu, ikauzwa kwa kile inachoonesha, na hakuna aliyekwenda kumuuliza anayeonekana.

Ili uelewe kwa nini jambo la dari liwe zito hivyo, lazima uijue hii nyumba ya mawe ya Lamu inavyofikiri. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, zaidi ya sentimita 40, na dari zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, haivuki zaidi ya karibu mita 3, ndo maana vyumba vya nyumba za kizamani ni virefu na vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Unaanzia daka, pale mlangoni penye baraza za mawe, mgeni wa kawaida anaishia hapo, mazungumzo yote ya wanaume yanaishia hapo. Ukivuka unakutana na ukuta au kona, huoni moja kwa moja ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu kuna kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu, hapo ndo mwanga na upepo unaingia, na kutoka kiwandani unapanda kidogo kidogo, msana wa tini, msana wa yuu, hizo ni kumbi ndefu nyembamba ya chini na ya juu yake, halafu ndani penyewe, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya chokaa vilivyochongwa, huko ndo kwa watu wa nyumba. Kila hatua unayoenda ndani sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Dirisha la kutazama njia ni haba sana. Nyumba yote imegeuza mgongo kwa njia na uso kwa kiwanda.

Sasa mgeni je? Lamu haijaanza kupokea wageni juzi. Mji huu uliishi kwa pepo, kaskazi inaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, mfanyabiashara akishafika anangoja kusi ianze ndo arudi, hapo ni miezi, si siku nne. Alilala wapi? Alilala sabule. Hicho ni chumba cha mgeni, na mara nyingi kilikuwa na ngazi yake kutoka karibu na mlango, mtu anapanda na kushuka bila kukanyaga kiwanda, bila kukutana na mwenye nyumba wa kike hata mara moja. Anapewa chakula, anapewa maji, anapewa heshima zote, na haoni ndani. Na mwenye nyumba naye haoni mizigo yake. Mie naona hiki ndo kitu cha akili kuliko vyote kwenye nyumba zetu, kuliko hata zidaka ambazo kila mtu anapiga picha. Watu walijua kumkirimu mgeni kabisa bila kumfungulia kila kitu, na walilitatua hilo kwa ngazi na ukuta, hakuna haja ya kumwambia mtu maneno ya aibu usoni.

Nikirudi kwa hoteli yetu, nyumba imetengenezwa vizuri na sitaki mtu adhani naiponda. Waliokarabati walijua kazi. Kuta wamepaka chokaa, hawakupaka saruji, na hilo ni muhimu kuliko rangi, kwa sababu ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na chumvi kutoka chini na lazima upumue, ukiufunga kwa saruji chumvi inabaki ndani, plasta inabanduka vipande vipande, na muda si muda boriti zinaoza vichwa kule zilikoingia ukutani. Zidaka wamezirudishia. Vitanda ni vile vya kamba, vimepandishwa juu vina chandarua. Bafu moja wameliachia birika lake la kizamani. Eisi hakuna, kuna feni na upepo, na upepo unatosha kweli usiku wa kaskazi. Maji ya shawa yana chumvi kidogo, ndo maji ya visima vya matuta ya mchanga ya Shela, kijiji cha pembeni ya mji, watu mjini wanakunywa na kuoga hayo hayo. Wale wageni hata hawakulalamikia hayo. Bibi harusi aliniambia usiku wa kwanza aliamshwa na punda, halafu adhana, msikiti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja kwa sauti yake na hakuna anayemngoja mwenzake, akasema alikaa kitandani akisikiliza na akapenda. Kwa hiyo msimuweke kwenye lile fungu la wageni wanaokuja Lamu wakataka mji unyamaze.

Tatizo ni ile ghorofa ya juu. Zamani juu pale palikuwa ni sehemu ya kazi, jiko, kuanika, pengine kulala joto likizidi, na waliokuwa wakipanda ni wanawake wa nyumba ile, na nyumba ya pili ni wanawake pia, wanaitana, wanapeana chumvi. Kuonana kulikuwa ni kwa wenyewe kwa wenyewe. Ilipokuwa hoteli, dari ikaezekwa makuti nusu, nusu ikaachwa wazi, ikawekwa mito, vitanda vya kujinyoosha, taa za vibuyu, na kona ya kaskazini ndo ikawa kona ya picha, maana ukisimama pale unaona mapaa ya makuti yote mpaka baharini, mkondo wa maji na kisiwa cha Manda ng'ambo, na jua likitua nyuma yako picha inatoka ya dhahabu tupu. Ukiinamisha macho kidogo tu pale pale, unaona kiwanda cha jirani. Chote. Na msana wake wa yuu.

Kikuta cha dari upande ule kinafika kiunoni.

Mchana si neno sana, jua kali, hakuna anayekaa kiwandani. Mambo ni baada ya magharibi. Hapo ndo binti zake yule mama, wakwe na wajukuu wanakusanyika, buibui limevuliwa, nywele zinasukwa, mtu anapaka hina, mtoto anaogeshwa kwa ndoo. Taa ya chini imewaka, na aliye juu yuko gizani. Wa chini hajui kama anaonekana. Wa juu anaona mpaka rangi ya kanga.

Yaliyotokea kwa mpangilio ni haya, na mpangilio ndo unaonesha kosa liko wapi. Usiku wa kwanza bibi harusi alirekodi video akizunguka na simu, jua linatua, mumewe anacheka, bongo fleva inapiga kwa kispika kidogo, sekunde chache tu, akaiweka Instagram akaitegi hoteli. Ndani ya zile sekunde simu ilipita juu ya kiwanda cha jirani na ukiangalia kwa makini unaona wanawake watatu wamekaa vichwa wazi. Yeye hakuwaona, aliniapia na namuamini, alikuwa anaangalia bahari. Asubuhi yake, na hapa nataka msome polepole, ukurasa wa hoteli ukaichukua ile video ukaiweka kwake, kwa watu wote wanaoufuata, na wengi wao ni watu wa Lamu hapa hapa. Ilipofika adhuhuri mjukuu wa yule mama, kijana wa shule, akaonyeshwa na wenzake. Shangazi yake yumo.

Yule mama hakupiga kelele. Alimtuma huyo kijana amwite meneja, meneja akaenda akasimama dakani kama inavyotakiwa, akaambiwa kwa nyuma ya pazia. Mama aliniambia mwenyewe alivyosema: "Mwanangu, nyinyi mumepata wageni na riziki ni ya Mungu, lakini mimi nyumbani kwangu sina mahali pengine pa kukaa. Nikitoka hapo kiwandani nende wapi?" Meneja akasema "samahani bi mkubwa, nitalishughulikia leo leo."

Meneja ni kijana wa mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu, mtoto mzuri, anajua adabu, na hapo ndo adabu ilimponza. Aliona aibu kumwambia mgeni wa kike kwamba video yake imemuonesha mke wa mtu kichwa wazi. Aliona aibu zaidi kusema kwamba hoteli yenyewe ndo iliisambaza. Kwa hiyo akaifuta kwenye ukurasa wa hoteli kimya kimya, akapanda darini magharibi, akasema ni heshima ya mtaa, washuke. Bibi harusi alikuwa amevaa gauni la mikono mikato. Mumewe ana kispika. Wao wakasikia nini? Wakasikia kwamba nguo yake ni mbaya na muziki wao ni haramu, na wamelipa pesa ya dari, na tangazo lilisema dari ni ya mgeni wa chumba hicho saa zote. Mume akamjibu, "Kaka, kama hapa haturuhusiwi mngetuambia kabla hatujalipa." Nami nasema jibu hilo lilikuwa la haki kabisa.

Kufika hapo kila mtu yuko kwenye kesi yake. Mama anadai sitara, wageni wanadai walicholipia, meneja anajaribu kulinda jina la hoteli, maana mgeni akishaandika vibaya kwenye zile tovuti za kubuku hakuna wa kumfutia. Baraza nazo zikaingilia. Wengine wakasema hawa wa bara hawana haya. Wengine, vijana wa boti hasa, wakasema kina mama wa Mkomani wanafukuza wageni na kazi zetu ziko kwa wageni. Na hili la pili si la kudharau, watu wanakumbuka mwaka 2011 wageni walipotekwa na 2014 baada ya shambulio la Mpeketoni, wanakumbuka na korona, mahoteli yalifungwa, boti zilikaa juu ya mchanga, mtu mwenye familia akauza injini yake. Ukimwambia mtu kama huyo mgeni ameondoka kwa hasira anasikia njaa. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao waliokuwa wakibishana aliyejua kuhusu video. Walikuwa wanabishania gauni.

Ndo maana nasema kitu cha kwanza kilichoharibu ni kutosema. Lau meneja angepanda pale akasema wazi, "Shemeji, ile video yenu ya jana imewachukua majirani ndani kwao bila kujua, na sisi tukaisambaza, tafadhali ifute, na usiku msisimame kona ile manake wanaonekana," mimi nawajua hawa watu, wangeifuta hapo hapo na wangeona aibu wao. Neno heshima peke yake halimfundishi mtu kitu. Linampa hukumu halimpi sababu, na mgeni akipewa hukumu bila sababu anatafuta sababu mwenyewe, na atakayoipata itakuwa mbaya kuliko ya kweli.

Kitu cha pili kiko nyuma zaidi na ni cha mwenye hoteli, si cha meneja. Aliyepanga ile dari alisimama kona ya kaskazini akaona bahari. Alisimama mara ngapi sijui, na mafundi wamesimama pale wiki nzima, na mpiga picha amesimama, na picha ya kwanza kabisa kwenye tangazo imepigwa kutoka pale. Wote hao waliinamisha macho. Haiwezekani usione. Na hakuna aliyeshuka akapiga hodi mlango wa pili. Nilimuuliza mama kama kuna siku aliulizwa wakati wa ukarabati, akasema waliletewa vumbi la chokaa mwaka mzima na hawakuletewa swali.

Watu wananiambia mbona wasipandishe ukuta tu. Hapo ndo wasioishi Mji wa Kale hawaelewi. Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa eneo la kuhifadhiwa 1986, na 2001 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia, huwezi kuongeza ukuta juu ya nyumba hivi hivi, lazima upeleke michoro, ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa iangalie, na wako sawa, kila mtu akipandisha alichotaka mji utakuwa kitu kingine kabisa ndani ya miaka kumi. Halafu ukuta mzito juu ya boriti za kizamani ni hatari. Lakini kuziba macho hakuhitaji ukuta. Kuna fito, kuna makuti, kuna jamvi, kuna vyungu vya asumini ukitaka uzuri, kuna kuhamisha vitanda vya kujinyoosha upande wa pili. Kuna pia kile walichofanya wazee, kupanga njia ya mgeni. Ngazi ya kwenda darini inatokea kusini. Ukiweka viti vya mgeni kusini anaona bahari vilevile, kwa pembe kidogo, na kona ya kaskazini anabaki nayo paka.

Kwa hiyo siku ya tatu tulikutana. Si ofisini, dakani kwa yule mama, baada ya alasiri. Meneja, mzee mmoja wa mtaa ambaye watu wanamsikiliza, bwana harusi, mimi. Bibi harusi aliitwa ndani. Huko ndani ndiko mambo yalikokwenda haraka, nje tulikuwa bado tunazungukia salamu na habari za safari, mzee anamuuliza bwana harusi baba yake ni wa wapi. Bibi harusi alikaribishwa mpaka msana wa yuu, akaketishwa, akaletewa kahawa na kaimati, na yule mama hakumweleza chochote ila alimwambia, "Hebu nyanyua macho." Akanyanyua. Akaona ile kona ya dari yake mwenyewe, na stafu wa hoteli amesimama pale anakunja mito. Alimuona mpaka kifungo cha shati.

Alitoka nje akamwambia mumewe tufute ile video sasa hivi. Ikafutwa mbele ya watu, na akawaandikia marafiki wawili walioibeba wakaitoa nao.

Baadaye ndo ikaja pesa, na pesa ilichukua muda. Mume alisimama imara na nilimuunga mkono, kwamba kosa la video wamelibeba na wamelimaliza, lakini dari waliyouziwa hawakupewa, na hayo ni mambo mawili. Meneja akapiga simu kwa mwenyewe hoteli aliye nje ya nchi, akatoka, akarudi, akatoka tena. Mwishowe hoteli ilikubali kurudisha tofauti ya bei kati ya chumba cha juu na cha kawaida kwa usiku ambao dari ilifungwa na usiku uliobaki. Mume alitaka zaidi. Hakupata. Usiku wa mwisho waliuhamishia Shela, kwa hela yao, na sikuwalaumu, mtu yuko fungate hana haja ya kukaa kwenye nyumba ya maneno.

Mama naye hakutaka pesa, na mzee alipodokeza kifuta machozi alikataa kwa ukali. Alitaka mambo matatu. Kona ya kaskazini izibwe na hoteli ndo ilipie kila ikichakaa. Kispika kisilie darini kuanzia adhana ya magharibi mpaka watu watoke isha. Na mtu yeyote wa hoteli akitaka kupanda pale kurekebisha tangi au taa, agonge kwanza kwao aseme, ili walioko kiwandani wajifunike. Hili la tatu meneja alishangaa, hakuwahi kulifikiria, na nadhani ndilo zito kuliko yote mawili ya mwanzo. Mgeni anakaa siku nne anaondoka. Stafu yuko pale mwaka mzima, anawajua hao wanawake, anakutana na waume zao Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na ndiye amekuwa akiona zaidi kuliko mgeni yeyote. Zamani fundi wa makuti alikuwa hapandi juu ya nyumba ya mtu bila kupiga ukelele wa kutangaza, majirani wote wanasikia wanajisitiri. Utaratibu ulikuwepo, umekatika tu nyumba zilipobadilisha mikono.

Wapo walioniambia nimependelea upande wa jirani kwa kuwa ni wa kwetu. Nimefikiria hilo. Lakini nikiangalia, hata kwa faida ya hoteli yenyewe hii ndo njia. Mtu anayelipa pesa nyingi kulala Mkomani, akaacha zile hoteli za ufukweni zenye bwawa, analipia mtaa. Analipia ile njia nyembamba punda akipita na mawe ya ujenzi inabidi ujibane ukutani, wikio zinazovuka juu ya kichwa chako kutoka nyumba hii mpaka ile, harufu ya viazi karai jioni, watoto wa madrasa, mzee anayekusalimia dakani ingawa hakujui. Hivyo vyote hoteli haivimiliki. Ni vya majirani. Siku majirani wakichoka wakauza nao, kila nyumba ikawa hoteli au ikafungwa mwaka mzima ikingoja mwenyewe aje Desemba, utabaki na kuta nzuri za chokaa na hakuna mtu wa kukusalimia. Mitaa kadhaa ya Mkomani unaweza kutembea usiku ukahesabu madirisha yenye giza, na wenyewe wa asili washahamia pembeni ya mji kwenye nyumba za bloku.

Kwa mtu anayetaka kubuku chumba cha aina hii, Lamu au hata Malindi kule Mji wa Kale, mie ningeuliza kabla ya kulipa, kwa WhatsApp kwa maandishi ili ibaki. Dari ni yangu peke yangu au ya wote? Inatumika saa ngapi mpaka saa ngapi? Inatazamana na nyumba ya nani? Kama ni Mfungo Sita uliza pia kuhusu Maulidi, manake msikiti wa Riyadha ukijaa wageni mji wote umejaa na usingizi unahesabika. Na ukisimama juu popote, kabla hujawasha kamera angalia chini kwanza. Hoteli ikijibu maswali hayo bila kukwepa basi hiyo imekaa na majirani zake wakaongea. Ikijibu "usijali utapenda", uliza mara ya pili.

Hali ilivyo sasa ni hivi. Kona imezibwa. Kwanza waliweka jamvi, upepo wa kaskazi ukalirarua, wakaweka fito na makuti na hiyo imesimama, na kwa kweli imependeza, utadhani ilikuwepo. Viti vimehamia kusini. Meneja anamtumia kila mgeni wa chumba cha juu ujumbe kabla hajafika, nimeuona, umeandikwa kwa upole na sababu imetajwa wazi kwamba chini kuna familia. Wageni waliofuata hakuna aliyegomba. Kispika bado ni shida, maana mgeni anakubali saa kumi na mbili na ikifika saa moja unusu anasahau, na yule kijana wa shule ndo ametumwa mara mbili kugonga mlango.

Kilichobaki ni picha. Ile ya kwanza kwenye tangazo, iliyopigwa kona ya kaskazini, ingali pale mpaka leo, na kila anayebuku anakuja akiitafuta kona hiyo, akikuta makuti anauliza picha ilipigwa wapi. Meneja anasema kubadilisha ni lazima mwenyewe akubali, na mwenyewe anasema ndo picha inayoleta wateja. Nimemwambia meneja ampeleke mpiga picha kusini asubuhi mapema, jua likitokea upande wa Manda, apige nyingine amtumie. Amesema wiki ijayo.